Geji za kutegemewa kwa gari kuukuu

MWENYE gari kuukuu anayepanda kutoka Suneka kuelekea mjini Kisii hutegemea zaidi geji mbili: ya joto la injini na ya presha ya oili. Zile za kiwandani zikiharibika, mbadala wake huhitaji uangalifu.

Geji ya umeme sharti ilingane na sensa yake, la sivyo husoma uongo. Heri zinunuliwe pamoja. Isiyotumia umeme ni sahili, lakini mrija wake ukipasuka, oili humwagika.

Kabla ya kufungwa, geji ya joto ijaribiwe kwa kutumbukiza sensa yake katika maji yanayochemka. Kutokana na mwinuko wa Suneka, yafaa ionyeshe karibu nyuzi 95 za Selsiasi, si 100. Ikisoma chini mno irejeshwe dukani, kwani itamtuliza dereva huku injini ikiungua.