Kuroiwa Ruikō na Gazeti Lake

Mwezi wa Oktoba, 1903, waandishi watatu wa gazeti moja la Tokyo waliagana na mwenye gazeti wakaenda zao. Hawakugombana kwa ajili ya mshahara. Waligombana kwa ajili ya vita.

Mwenye gazeti alikuwa Kuroiwa Ruikō, aliyezaliwa Tosa mwaka wa 1862. Tangu ujana wake alifanya kazi ya magazeti, na siri ya kuyauza aliijua: hadithi. Alisoma vitabu vya Ulaya kwa Kiingereza, kisha akavifunga na kuvisimulia upya kwa Kijapani, kipande kwa kipande. Hata majina aliyageuza. Edmond Dantès, yule baharia wa Dumas, akawa Dan Tomotarō. Mwalimu wa tafsiri angalimkemea, lakini msomaji aliyeonja kipande cha leo hakukosa kununua cha kesho.

Mwaka wa 1892 alianzisha gazeti lake mwenyewe, Yorozu Chōhō, la bei rahisi, ili hata maskini walipate. Wakubwa walilichukia. Mwaka wa 1898 liliwataja kwa majina mabwana waheshimiwa waliokuwa wameweka masuria, na Kuroiwa mwenyewe akaitwa Nyoka wa Sumu. Katika gazeti hilohilo, miaka ya 1902 na 1903, Wajapani walisoma habari za Jean Valjean, yule mfungwa wa Victor Hugo aliyeiba mkate.

Basi Japani na Urusi zikawa zinagombea Korea na Manchuria. Yorozu Chōhō lilipinga vita. Uchimura Kanzō aliandika kwa imani yake ya Kikristo, Kōtoku Shūsui na Sakai Toshihiko kwa imani yao ya ujamaa. Lakini watu wengi walikuwa wakivililia vita, na gazeti lenye kuwapinga wanunuzi wake halina maisha marefu. Kuroiwa akageuka, akaunga mkono vita.

Je, aliuza dhamiri yake? Mimi naona neno hilo ni kali mno. Tangu mwanzo, kazi yake ilikuwa kumpa msomaji kile anachokitamani, na safari hii msomaji alitamani bunduki. Lakini wale watatu hawakukubali hoja hiyo.

Mwezi wa Novemba Kōtoku na Sakai walianzisha gazeti lao dogo, Heimin Shimbun, yaani Gazeti la Watu wa Kawaida, wakaendelea kupinga. Vita vilianza Februari, 1904. Kuroiwa alifariki mwaka wa 1920.