Mapango ya majabali, Mugango

Mapango ya majabali ni mianya iliyozama nusu kati ya mawe makubwa ya granaiti, katika mwambao wa Ziwa Victoria wa Mugango, Majita na Musoma, mkoani Mara. Hayafanani na mapango ya pwani ya Unguja au Kilwa. Kule mawimbi hula jiwe la matumbawe, na maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Granaiti ya Mara, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, hailiki hivyo. Pango hapa ni uwazi uliobaki pale majabali yalipoegemeana. Kina cha maji yake hufuata upepo na mvua. Mei 2020 ziwa lilipanda kupita rekodi ya mwaka 1964, na mianya mingi iliyozoeleka kuwa mikavu ikafunikwa.

Mlangoni, jua linapofika, jiwe huota mwani mfupi ambao furu wa mawe, samaki wadogo wa ziwa hili, huukwangua kwa meno. Ndani zaidi giza huukatisha mwani. Huko hukaa sifongo wa maji baridi, kaa na uduvi.

Furu ndio wenye mapango. Dume hushika mwanya wake na kuwafukuza wenzake. Jike huatamia mayai kinywani, kisha makinda hujibanza kwenye nyufa ambazo samaki mkubwa hapiti. Nyufa hizo ziliokoa wengi. Sangara, samaki mkubwa mla samaki, aliingizwa ziwani miaka ya 1950, akafurika miaka ya 1980, na spishi za furu zinazokadiriwa kufika 200 zikatoweka, hasa za maji ya wazi. Wale wa mawe walipata pa kujificha.

Mmoja wao, anayejulikana zaidi upande wa Mwanza, ni Pundamilia nyererei, aliyepewa mwaka 1985 jina la Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama. Dume lake lina mgongo mwekundu, na jike humchagua kwa rangi hiyo. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji yakichafuka rangi hazitofautishwi tena, na spishi jirani huzaliana hadi kuchanganyika. Pango lililomzuia sangara haliwezi kuzuia tope. Kwa hiyo miti na matete ya kando ya ziwa yaachwe yasimame, na mashamba ya miteremkoni yalimwe kwa matuta, udongo usiishie majini.