Majengo ya Kale na Senema Zilizoyahamisha

Mapema katika miaka ya 1920, Mrusi Lev Kuleshov aliziunga picha za watu waliokuwa wakitembea katika mitaa ya Moscow na picha ya Ikulu ya Marekani iliyoko Washington, ikaonekana machoni pa watazamaji kuwa watu wale na jengo lile wako mahali pamoja. Na tangu hapo watengenezaji wa senema wametambua kwamba mkasi wao waweza kukunja ardhi na kufuta bahari. Senema za aina zote huutumia uwezo huu, lakini zile za hadithi za kubuni za kisayansi zimeuelekeza hususan kwa majengo ya kale, na taarikhi ya desturi hiyo yastahili kuangaliwa kwa makini, maana jengo likiondolewa mahali pake, aghalabu huondolewa pamoja nalo wale waliolijenga.

Uhamisho uliopata sifa kubwa kuliko yote haukuwa na dhara. Katika Star Wars, iliyotoka mwaka 1977, George Lucas aliuchukua Tikal, mji wa Wamaya uliomo katika msitu wa Petén, kaskazini mwa Guatemala, akaufanya ngome ya waasi katika mwezi wa sayari ya mbali. Kamera iliwekwa juu ya Hekalu la Nne, na vilele vya mahekalu mengine, likiwamo la Kwanza lililojengwa katika karne ya nane na kupanda mita zipatazo 47, vikaonekana vikichomoza juu ya miti huku chombo cha angani kikishuka. Msitu ni ule ule na mawe ni yale yale. Kilichobadilika ni mbingu tu.

Mambo yalikuwa mengine Roland Emmerich alipotoa Stargate mwaka 1994. Mswisi Erich von Däniken alikwisha kueneza, kwa kitabu chake cha mwaka 1968, dhana ya kwamba wageni kutoka nyotani walishiriki katika kazi kubwa za watu wa kale. Na Emmerich akaivika dhana hiyo sura, akasimamisha piramidi katika sayari nyingine, jangwa lake likiwa ni vilima vya mchanga karibu na Yuma, Arizona, na piramidi yenyewe ikawa gati ya chombo cha mtawala aliyetoka mbali. Mwaka 2004, Alien vs. Predator ilizika piramidi chini ya barafu ya kusini kabisa mwa dunia, ikachanganya ndani yake alama za Misri, za Waazteki na za Kambodia. Mwaka 2009, katika senema ya pili ya Transformers, Michael Bay aliufanya Petra wa Wanabatayo kuwa kama jirani wa Giza, ilhali kati ya mahali hapo pawili pana takriban kilomita 400 na rasi nzima ya Sinai, kisha akaficha ndani ya piramidi mtambo wa kuangamiza jua.

Sasa na tuirudishe piramidi ya Khufu, mfalme wa Misri ya kale, mahali pake, tuone mahali hapo panasema nini. Uwanda wa Giza wenyewe ni jiwe la chokaa, na sehemu kubwa ya mawe ilichimbwa hapo hapo. Chokaa nyeupe ya kufunikia ilitoka Tura, ng'ambo ya Nili. Na matale ya chumba cha mfalme yaliteremshwa kwa mto kutoka Aswan, mwendo wa kilomita zipatazo 800. Na mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, Mfaransa Pierre Tallet na wenzake walivumbua nyaraka za mafunjo za zama za Khufu mwenyewe, ambamo msimamizi aitwaye Merer aliandika siku kwa siku safari za watu wake, wakipakia mawe Tura na kuyashusha Giza.

Yadhihirika basi kwamba jiografia ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote: mto, machimbo na mafuriko ya kila mwaka yaliyoyasogeza maji karibu na uwanda, ndivyo vinavyoeleza jinsi wanadamu walivyoiweza kazi ile. Iondoe Nili, uiache piramidi peke yake mchangani, nayo itakuwa muujiza unaomtaka mgeni wa kuufasiri. Hekaya nazo zimewatwika majini kazi ya kumjengea Nabii Suleiman, wala hapana lawama kwa msanii kubuni dunia atakayo. Lakini Lucas alionyesha kwamba jengo laweza kuazimwa bila ya kuwapokonya wenyewe, nasi watazamaji, tukisha kustarehe, yatupasa kuifungua ramani na kumrudishia Merer na watu wake ujira wao wa heshima.