Chupa ya Maji Kando ya Mtungi wa Oksijeni

Desturi ya kuipitisha oksijeni majini kabla haijamfikia mgonjwa ni kongwe kuliko sababu inayotolewa leo kuitetea. Katika karne ya 19 gesi ya tiba ilipatikana kwa kupasha moto klorati ya potasiamu pamoja na dioksidi ya manganizi, kama alivyofanya daktari George Holtzapple huko York, Pennsylvania, mwaka 1885 alipomtibu kijana mwenye nimonia; na kwa kuwa gesi ya namna hiyo huweza kutoka na chembechembe za klorini, ambayo huunguza mapafu, ilifaa ioshwe kwanza. Viputo navyo vilikuwa na kazi yake, kwani vilimjulisha muuguzi kwamba gesi inatoka na kwa kasi gani.

Sababu zote mbili zilikwisha upesi. Kuanzia mwaka 1902 Carl von Linde alitenga oksijeni kutoka katika hewa iliyogeuzwa kuwa kimiminika, kwa hiyo mitungi ikajazwa gesi safi lakini kavu kabisa, kwa kuwa mvuke huondolewa usije ukaganda mitamboni. Baada ya shambulio la klorini huko Ypres, Aprili 1915, John Scott Haldane alibuni kifaa cha kutolea oksijeni kwa kipimo, akaulaumu mtindo wa kuipuliza kwa faneli mbele ya uso wa mgonjwa kuwa ni upotevu mtupu. Chupa ya maji, iliyokuwa imebaki bila kazi, ikapewa kazi mpya ya kuilainisha gesi kavu.

Kazi hiyo haiimudu vizuri. Hewa inayofika ndani ya mapafu huwa na nyuzijoto 37 na takribani miligramu 44 za mvuke katika kila lita, ilhali gesi iliyopita katika maji ya nyuzijoto 20, hata ikishiba, hubeba miligramu 17 hivi tu. Zilizobaki huongezwa na pua na koromeo, ambavyo vingefanya hivyo hata kama chupa isingekuwapo.

Uhitaji wa kweli ulidhihirika pale pua ilipoachwa kando. Mwaka 1952, polio ilipoikumba Copenhagen, Bjørn Ibsen alipendekeza wagonjwa waliopooza misuli ya kupumulia watobolewe koo na kupewa hewa kwa mkono, kazi iliyofanywa kwa zamu na mamia ya wanafunzi wa udaktari. Kwa mgonjwa wa aina hiyo gesi kavu hufika moja kwa moja katika njia ya hewa, ute hukauka na kuwa magamba, na mrija huweza kuziba. Dawa yake ni maji yaliyopashwa moto, na huko Auckland, mwishoni mwa miaka ya 1960, kifaa cha majaribio cha kazi hiyo kilitengenezwa kwa chupa ya kuhifadhia matunda, jambo linaloonyesha kwamba kilichokosekana kilikuwa wazo, si mtambo.

Wakati huohuo vyombo vya unyevu viligunduliwa kuwa makazi ya bakteria, hasa Pseudomonas. Mwongozo wa madaktari wa kifua wa Uingereza wa mwaka 2008 ulikataa chupa za viputo, kwa kuwa faida yake haikuthibitika na hatari ya maambukizi ipo. Shirika la Afya Duniani nalo halidai unyevu kwa mtoto anayepewa oksijeni kidogo kwa kimrija kinachoishia tunduni mwa pua, bali kwa katheta inayoingizwa hadi koromeoni. Na hapo maji ya chupa hayana budi kuwa safi na kubadilishwa kila siku.