Karela, Nzi na Ndoa Zisizozaa

Unaijua karela? Ile mboga ya kijani yenye vinundu, chungu kama shubiri. Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani, wanaiita goya na huikaanga na mayai na tofu. Ila kwa miaka mingi mkulima wa huko hakuruhusiwa kuisafirisha hivihivi kwenda bara. Kisa? Nzi.

Jike la nzi huyu hutoboa tunda changa na kutaga mayai ndani. Funza wakitoka, tunda linaoza. Serikali iliogopa asije akavuka bahari.

Sasa ona alivyotegwa. Kuanzia miaka ya 1970, wataalamu walifuga nzi kwa mamilioni, wakawapiga mionzi ili madume yawe tasa, kisha wakawaachia. Jike likipandwa na dume tasa, mayai hayaanguliwi. Kisiwa cha Kume kilitangazwa salama 1978. Okinawa nzima, 1993. Goya ikafunguliwa njia ya bara.

Usidhani ni habari za mbali. Mbinu hiyohiyo ilimaliza mbung'o Unguja, ushindi ukatangazwa 1997.

Kote huko, wadudu walihesabiwa mitegoni kwanza, sifa zikafuata. Juisi ya karela kwa kisukari bado haijafika hapo: mapitio ya tafiti ya Cochrane ya 2012 hayakukuta ushahidi wa kutosha. Kwa hiyo mboga kula, ni tamu kwa aliyeizoea. Lakini dawa za daktari usiziache, na ukiichanganya nazo, mwambie: sukari inaweza kushuka kupita kiasi.