Mafuta ya ngozi, leso na moto wa chetezo

Shangazi yangu amepita miaka 70, na ngozi ya miguu yake hukauka hadi ikapasuka. Kila baada ya swala ya isha hujipaka mafuta ya mgando kutoka magotini hadi nyayoni, kisha hujifunga leso yake ya kulalia. Majuzi alisimama karibu na chetezo ajifukize udi, kama walivyofanya mama zetu na mama zao. Pindo la leso likagusa kaa. Kufumba na kufumbua, moto ulikuwa umefika magotini. Alhamdulillah, binti yake alikuwa karibu na ndoo ya maji, akammwagia. Aliungua muundi mmoja.

Kilichomshangaza ni kuwa leso zake zimegusa makaa mara nyingi huko nyuma, zikatoboka tundu, basi. Mbona hii iliwaka?

Jibu limo kitambaani. Mafuta na krimu za kulainisha ngozi, zikiwa koponi au mwilini, si kama petroli; hazilipuki. Lakini zikinyonywa na leso, shuka, foronya au bendeji, zikakaukia humo siku baada ya siku, kitambaa hicho hushika moto upesi na kuwaka kwa kasi. Ni kama utambi wa koroboi. Mamlaka inayosimamia dawa Uingereza, MHRA, kwa miaka ilikuwa ikionya kuhusu mafuta yenye parafini nyingi. (Parafini hii si mafuta ya taa ya stovu; ni ile ya mgando tunayoiita Vaseline.) Desemba 2018 ikapanua onyo lake: hatari ipo kwa mafuta yote ya kulainisha ngozi, yenye parafini na yasiyo nayo. Kufua hupunguza mafuta yaliyonyonywa, lakini hata maji ya moto hayayaondoi yote.

Sasa tazama nyumba zetu. Jiko la makaa uani, mshumaa stima ikipotea, chetezo sebuleni, na babu anayevuta sigara kitandani. Mwenye kujipaka mafuta mengi akae mbali na vyote hivyo. Leso na shuka za kulalia zifuliwe mara kwa mara, na zile zilizozeeka kwa mafuta zisivaliwe jikoni kabisa. Ukipenda kufukiza nguo, fukiza zilizofuliwa, zikiwa hazijavaliwa, na usizivae juu ya chetezo. Na nguo ikishika moto mwilini usikimbie, kwani upepo huuchochea: lala chini ubingirike, au umwagiwe maji. Palipoungua pawekwe chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno na yai viacheni jikoni na msalani.

Hakuna aliyesema mafuta yaachwe. Kwa ngozi kavu, na zaidi kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi, ndiyo tiba ya kwanza, maana huzuia maji ya ngozi yasipotee. Hupakwa kila siku hata ngozi ikiwa imetulia; kosa letu ni kungoja mwasho. Wakati mzuri ni dakika chache baada ya kuoga kwa maji ya uvuguvugu, ngozi ikiwa bado na unyevu. Paka kwa kushuka, kufuata malaika yanavyolala, bila kusugua. Ikiwa ni ya kopo, chota kwa kijiko safi, maana vidole huingiza vijidudu. Anayetawadha mara tano kwa siku mikono yake hukauka zaidi, basi ajipake tena baada ya swala. Na tahadhari sakafuni: bafu lenye mafuta huteleza, na wazee wetu mifupa yao si ya kuchezewa.

Kiasi chake huwashangaza wengi. Mwongozo wa Uingereza kwa watoto wenye pumu ya ngozi unataja gramu 250 hadi 500 kwa wiki. Ni pesa hiyo, lakini mafuta ya mgando ya kawaida yasiyo na manukato hufaa, na bei yake si ya kuumiza. Krimu nyeupe ya maji inayouzwa madukani kwa jina la aqueous cream isiachwe mwilini mwa mtoto mwenye pumu ya ngozi. Mara nyingi huwa na sabuni inayoweza kumwasha.

Daktari akiandika dawa ya steroidi, ipakwe palipovimba tu, na kati yake na mafuta ipite kama nusu saa. Krimu za kichochoroni zisizoandikwa vilivyomo zikwepeni. Nyingi za kujichubua hutiwa steroidi kali au zebaki, na mama humpaka mtoto akidhani ni mafuta tu.

Ngozi ikitoa usaha au maji ya manjano, ikafanya malengelenge yenye maumivu, au mtoto akipata homa, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Pumu ya ngozi yenyewe haiambukizi, kwa hivyo mwalimu wa chuo asimtenge mtoto mkekani.

Shangazi bado anajipaka. Chetezo kimehamia barazani, juu ya sinia, na huwashwa asubuhi.