Marburg Jijini Kigali: Maandalizi Hufanywa Kabla ya Maradhi Kufika



Ndugu wasomaji, akina baba, akina mama na vijana wetu, historia tunayoieleza leo si ya mbali. Ni ya mji wetu wa Kigali, na sisi wa Kacyiru inatugusa zaidi kwa kuwa tunaishi jirani na Hospitali ya King Faisal, iliyojengwa kwa msaada wa Saudi Arabia na kupewa jina la mfalme wa nchi hiyo. Hospitali ndipo mahali tunapokimbilia tukiugua. Lakini mwaka 2024 maradhi yaliwapiga kwanza watu wa hospitali.

Tarehe 27 Septemba 2024 Wizara ya Afya ya Rwanda ilitangaza kuwa virusi vya Marburg vimeingia nchini. Uchunguzi ulionyesha kwamba mtu wa kwanza alikuwa mchimbaji wa madini aliyeambukizwa na popo walao matunda waishio mapangoni. Marburg huanza kwa homa kali, kichwa kuuma, kutapika na kuharisha, na mwanzoni hufanana sana na malaria. Kwa hiyo wauguzi na madaktari walihudumia wagonjwa kabla haijajulikana ni maradhi gani. Karibu watu 8 katika kila 10 walioambukizwa walikuwa wafanyakazi wa afya, wengi wao wa hospitali mbili za jijini.

Ugonjwa huu una historia nzito. Ulijulikana mwaka 1967 katika miji ya Marburg na Frankfurt, Ujerumani, na Belgrade, Yugoslavia, kutokana na tumbili waliopelekwa huko kutoka Uganda. Mwaka 2004 na 2005 uliingia Uige, Angola, ukaua watu 227 kati ya 252. Huko watu waliogopa hospitali, wakaficha wagonjwa na kuzika kwa siri, na magari ya watu wa afya yakapigwa mawe. Jirani zetu wa Kagera, Tanzania, walipoteza watu 6 kati ya 9 mwaka 2023, na mapema mwaka 2025 wote 10 walioambukizwa walifariki.

Je, Kigali ilikuwaje? Walioambukizwa walikuwa 66 na waliofariki 15. Kila mmoja wa hao 15 ana watu wanaomlilia, na hakuna asemaye ni wachache. Lakini 51 walipona, na tarehe 20 Desemba 2024 ugonjwa ulitangazwa kumalizika, baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya.

Nini kilichosaidia?

Haikuwa kazi ya wiki moja. Mwaka 2019 Ebola ilipofika Goma, mpakani kabisa, Rwanda haikupata hata mgonjwa mmoja. Watu walipimwa joto mpakani, wahudumu wa afya wa upande huo wakachanjwa, na kituo cha matibabu kikatayarishwa Rubavu kabla ya kuhitajiwa. Kisha Machi 2020 ikaja Korona. Tulifunga misikiti, tukaswali tarawehe majumbani, tukazoea kunawa mikono kwenye vituo vya mabasi. Wakati huo huo maabara zilipata mashine na watu wanaojua kazi.

Hivyo Marburg ilipokuja, maelfu ya vipimo vilifanyika hapa hapa nchini, waliokutana na wagonjwa wakafuatiliwa, na tarehe 6 Oktoba, siku 9 tu baada ya tangazo, chanjo ya majaribio ikaanza kutolewa kwa wahudumu wa afya. Kilichopandwa miaka mitano nyuma kilivunwa siku ile.

Somo la Amwas

Waislamu si wageni wa jambo hili. Karibu mwaka 18 Hijria (639 Miladia), Khalifa Umar bin Khattab (R.A.) alikuwa akielekea Sham. Alipofika Sargh akaambiwa kuna tauni. Alishauriana na Muhajirina, Ansari na wazee wa Kiquraishi, kisha akaamua kurudi Madina. Ndipo Abdurrahman bin Auf (R.A.) akaja na mafundisho aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.): penye tauni usiingie, nawe ukiwa ndani usitoke kwa kuikimbia. Khalifa hakuona tahadhari kuwa ni upungufu wa imani.

Mtihani wetu mkubwa ni mapenzi yetu wenyewe. Sisi humtembelea mgonjwa, humwosha maiti na hukusanyika mazikoni. Marburg hupita katika damu, matapishi na jasho, na mwili wa marehemu huambukiza. Ndiyo maana mwaka 2024 kutembelea wagonjwa hospitalini kulisimamishwa na mazishi ya waliokufa kwa Marburg yakawekewa kikomo cha watu 50. Ilikuwa vigumu, lakini anayeziba njia ya maradhi anawalinda walio hai.

Basi kila familia ifanye haya sasa, wakati wa salama:

1. Ijue jina na simu ya mhudumu wa afya wa mudugudu wake, na namba ya bure 114.
2. Izungumze na shekhe wake mapema juu ya kuosha na kuzika wakati wa dharura, ikiwemo hukumu ya tayammum, isije ikagombana siku ya msiba.
3. Isimfiche mgonjwa wa homa, wala isimpe dawa za kubahatisha nyumbani.
4. Ikumbuke familia za wauguzi na madaktari. Wao walitangulia mbele yetu.

Tunamuomba Allah (S.W.) awarehemu waliotangulia, awalipe kheri waliotuhudumia, na atukinge sisi na watoto wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.